Mama wa Juu na Mlango Wake

Mama wa Juu hakuwa mtu wa kukaa mahali asipoiona njia. Ukimwekea kiti, atakigeuza kwanza. Atasema jua linamchoma, au moshi unamwingia machoni, au mgongo unamuuma, hata kama hakuna jua wala moshi, mpaka apate pa kukaa akiwa ameikabili njia inayopanda kutoka kijitoni. Akishatulia ndipo atakuuliza habari za watoto. Na unapomjibu utaona nusu ya macho yake iko kwako, nusu nyingine iko kule njiani.

Nilimwita Mama wa Juu kwa sababu nyumba yake ilikuwa juu ya yetu, kwenye kilima kile kile upande wa Nyamira, na kati yetu palikuwa na ua wa minyaa na migomba yangu michache. Mimi nilifika pale nikiwa mke mpya wa mwalimu. Yeye alikuwa amenitangulia kwa miaka kadhaa, ana mabinti wawili na mume mcheshi aliyecheka mpaka ng'ombe wakageuza shingo. Mwanzoni nilidhani ni mwoga tu wa kuzaliwa, kama watu wengine walivyo, na nilimtania kwa hilo. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa na sababu, tena moja tu. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama mwanamke yule ameolewa.

Kwao kulikuwa Kenyenya, upande ule mwingine wa Kisii. Mumewe alimwona kwenye soko la Daraja Mbili akiuza ndizi, akanunua mkungu ambao hakuuhitaji. Wiki iliyofuata akarudi akanunua mwingine. Mara ya tatu hakununua kitu, walipanda pamoja basi la Nyamira. Hivyo ndivyo alivyonisimulia mwenyewe tukichambua mboga, na alipofika kwenye habari ya basi alishusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu na kuku.

Kwa desturi yetu, mwanamke anayekwenda kwa mguu wake namna hiyo hajapotea. Ng'ombe wa mahari hufuata. Ng'ombe wakishamalizika hufanywa enyangi, ile sherehe kubwa ya arusi ambapo mke alivalishwa vikuku vya chuma miguuni, na tangu hapo hakuna tena wa kuuliza. Basi ng'ombe walipelekwa Kenyenya, lakini si wote, na enyangi ikasubiri hao waliobaki. Katika kusubiri, mume akaingia kanisa la Wasabato, na kanisa likamwambia enyangi ni mambo ya giza, atafute arusi ya kanisani. Hiyo nayo ilihitaji ruhusa ya wazee wa kanisa, na mkubwa wao alikuwa baba mdogo wa huyo mume, ndugu ya marehemu baba yake. Kila mtu pale kilimani alimwita Baba Mdogo. Baba Mdogo akasema wasiwe na haraka, na wao hawakuwa na haraka. Mume alicheka akasema mwaka ujao, na mwaka ujao ulipofika akacheka tena.

"Mimi niko katikati ya daraja," Mama wa Juu alizoea kusema. "Huku nimeondoka, kule hawajanipokea."

Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Sabato ya meza ya Bwana, wanawake walipotoka kwenda kuoshana miguu, yeye alibaki na wasichana, kwa kuwa ndoa yake haikutambuliwa. Hakulalamika hata mara moja. Lakini asubuhi ya siku hizo nilikuwa natembea nyuma yake kwenda kanisani, nikaona visigino vyake vimesuguliwa na kupakwa mafuta vizuri, akikanyaga majani ya kando ili asivichafue kwa tope. Alijitayarisha kila mara, endapo mtu angemwita. Nilikuwa naumia kumwona akirudi na visigino vyake safi.

Alikuwa na mazoea ambayo yangemchekesha mtu asiyejua yanakotoka. Hakupenda kulala nje ya nyumba yake. Mama yake mzazi alipofariki huko Kenyenya ilimbidi aende, lakini kabla ya kuondoka alishuka kwangu na kuniomba niwe napanda kila jioni kumwashia moto jikoni.

"Nimpikie nani, na nyumba haina mtu?" nikamuuliza, maana mume na watoto walikuwa wanakwenda naye.

"Usipike. Washa tu, moshi utoke kwa nyasi za paa. Watu waone moshi."

Nikapanda, nikawasha. Nilikaa peke yangu mle ndani nikilia kwa kuni mbichi, nikijiona mjinga. Aliporudi hakuuliza mengine, aliuliza kama kuna aliyekuja kuchungulia. Nilimwambia amekuja mbuzi. Hakucheka.

Hata kilimo chake kilikuwa cha mtu mwenye wasiwasi. Wengine tulipokuwa bado tunasitasita kuhusu majani chai, tukiogopa kuacha mahindi na wimbi, yeye alimsukuma mumewe wapande chai sehemu kubwa ya shamba. Alichimba mashimo mwenyewe. Aliniambia mahindi ukifukuzwa unayaacha yakiwa mabichi na mwenzako anavuna, lakini chai inajulikana ni nani aliyeipanda, kwa sababu imekaa miaka na watu wote wamekuona umeinama pale. Sijui kama hoja yenyewe ilikuwa na maana. Yeye aliiamini, na chai yake ilikuwa nzuri kuliko ya wote.

Lakini pia usimwone kama mtu wa huruma tu. Alikuwa mbishi wa mipaka, angegombana kwa ajili ya mgomba mmoja mpaka sauti ikamkauka, kisha kesho yake amwazime jirani yule yule kipande cha shamba apande mboga bila malipo. Wasichana aliwakemea kwa ukali wasikimbilie wanaume. "Usiingie kwa mtu kwa mguu wako, utakaa ukihesabu nyufa za ukuta," aliwaambia, nao waliogopa kupita kwake. Halafu siku moja msichana mmoja akatoroka kwao na kijana wa ng'ambo ya kijito, wakakosa pa kwenda, na ni Mama wa Juu aliyewaingiza nyumbani kwake akawapa maziwa lala. Nilifika nikiwa na ndizi mkononi nikamkuta anamwelekeza kijana. Alimwambia asimfiche bibi huyu. Ampeleke kwa mama yake yeye kijana jua likiwa bado liko, watu wawaone. "Na uangalie baba yako atafanya nini akikutana naye njiani. Akiacha njia, bibi yako amepona."

Hapa sina budi kueleza kidogo kwa wale ambao hawakukulia kwetu. Baba mkwe na mke wa mwanawe huishi kwa kile tunachokiita chinsoni, yaani haya na heshima kati yao. Hawashikani mikono. Wakikutana njiani, hugeuza nyuso na kupishana kwa mbali. Na zaidi ya yote, baba mkwe haingii nyumbani mwa mke wa mwanawe. Hata kama anaumwa ataitikia kutoka nje. Akiingia, watu huamini kwamba ubaya utamfuata yeye, na wenye nyumba, na watoto wao. Ndugu za baba nao ni baba, kwa hiyo wanafungwa na sheria hiyo hiyo. Kanisa lilikuja, shule zikaja, wengi wakaacha mengi, lakini hilo halikuondoka haraka.

Kwa hiyo kila siku Baba Mdogo alipopita, Mama wa Juu alimwangalia. Mzee yule alikuwa mrefu, anatembea na fimbo, anaomba kanisani kwa muda mrefu mpaka watoto wanalala. Akimwona Mama wa Juu anakuja na mtungi, alikuwa anatoka kwenye njia na kuingia kati ya mistari ya chai, amempa mgongo, mpaka mwanamke apite. Wala hakufikiria, ni mazoea tu. Mama wa Juu angefika kwangu na mtungi wake kichwani, hajautua, aseme, "Leo ameniachia njia." Aseme hivyo tu, kisha apande kwake. Siku nyingine alikuwa na furaha ya siku nzima kwa sababu hiyo. Mimi nilicheka. Nilikuwa na mume mwenye mshahara na baba mkwe wa kisasa, ningejuaje.

Yule mume mcheshi alikufa miaka ile ya kupima mashamba, wakati wapimaji walikuwa wanazunguka vilimani na minyororo yao, na kila kipande kinatafutiwa jina. Kifua kilimbana, akapelekwa hospitali, akarudishwa ndani ya blanketi. Msiba wenyewe ulikuwa mbaya, lakini kilichonitia hofu ni mambo madogo madogo. Mama wa Juu alikuwa amekaa karibu na mwili, mke wa Baba Mdogo akaja akamwambia kwa upole ahame akae na wageni. Halafu kaburi. Mtu mwenye mji wake huzikwa pale pale kwake, upande wa kulia wa nyumba yake. Baba Mdogo aliamuru lichimbwe kwenye boma la zamani la baba wa marehemu, mbali na ile nyumba ambayo mwenyewe alijenga kwa mikono yake. Alisema mtoto anarudi kwa baba yake. Watu waliinamisha vichwa wakaona ni neno la kiroho. Mama wa Juu alinishika mkono.

"Umeona?" akasema. "Wameacha nyumba yangu bila kaburi."

Haikuchukua muda. Baba Mdogo alimwita na kumweleza kupitia kwa mkewe, maana yeye hakuweza kuzungumza naye uso kwa uso, kwamba ukoo unamshukuru kwa kumtunza kijana wao, na kwamba sasa ajiandae kurudi Kenyenya na mabinti wake. Shamba na nyumba vitaandikwa jina la mtoto wa Baba Mdogo. Nataka nimtendee haki mzee huyu. Alikuwa na watoto wa kiume wengi na shamba dogo, na hofu yake ilikuwa ya kweli kama hofu ya yule mama. Lakini nilimchukia, na nilipomwona akiomba kanisani niliacha macho wazi.

Mama wa Juu alikataa kuondoka, kesi ikaenda kwa wazee, na wakati wa kuingoja siku yao ulikuwa mrefu kuliko msiba. Kamati ya mashamba ilikuwa inasikiliza kesi kwenye mashamba yenyewe, ikihama kutoka kilima hadi kilima, na hatukujua ni lini itafika kwetu. Mama wa Juu aliacha kwenda sokoni. Alichuma chai ya mistari iliyo karibu na nyumba tu, ile ya mbali ikakomaa vibaya. Mabinti aliwakataza kwenda hata kisimani pamoja, mmoja abaki mlangoni. Alishuka kwangu mara moja, akageuza kiti, akaniuliza swali ambalo halijaniacha mpaka leo.

"Wewe una shahidi?"

"Shahidi wa nini?"

"Kwamba wewe ni wa hapa."

Nilianza kujibu kwamba mume wangu anajulikana, kwamba mimi ni mke wa mwalimu, kisha nikaanza kujihesabia. Enyangi sikufanyiwa. Kanisani hatukwenda. Ng'ombe wangu wengi walikuwa bado ni ahadi kwenye midomo ya watu. Tulikaa pale tukiitazama njia, wote wawili sasa.

Hatimaye walifika. Walikuwa wazee wa kamati na afisa mmoja kijana kutoka upande wa ziwa, kwa hiyo maneno yalisemwa kwa Kiswahili ili naye asikie. Asubuhi walizunguka mipaka. Mama wa Juu alikuwa amepika uji wa wimbi, nao ukaungua kwa sababu alisahau kukoroga. Akaanza mwingine. Wazee wakakaa wakingoja, maana ingekuwa aibu kukataa, na jua likapita utosini. Baadaye wapo waliosema alichelewesha kwa makusudi. Mimi nilikuwa jikoni naye na ninajua alikuwa anatafuta mwiko aliokuwa ameushika.

Walikaa uani kwenye viti vya kuazima. Mwenyekiti wa kamati, mzee mkavu asiye na maneno mengi, alianza.

"Mama, ulifanyiwa enyangi?"

"Sikufanyiwa."

"Kanisani mlienda?"

"Bado."

"Bado," Baba Mdogo akarudia, akiutazama mti. "Mtu amezikwa, na yeye anasema bado."

Watu wachache walicheka. Nilitamani ardhi inifunike, sembuse yeye.

"Mimi sina ubaya na huyu mama," Baba Mdogo akaendelea. "Alipikia kijana wetu, tunashukuru. Lakini kukaa na mtu si kuolewa. Hakuna enyangi, hakuna arusi ya kanisa. Ng'ombe wale wachache walienda kwao kama zawadi tu. Mtoto wa kiume hakuna. Hata kaburi si la hapa. Huyu ni mgeni wetu, na mgeni anajua njia ya kwao."

Afisa aliandika. Kila alichosema mzee kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilimwona Mama wa Juu amesimama kando ya ukuta, akitazama njia ile ya kijitoni kana kwamba ndiyo atakayoshuka nayo jioni. Mabinti wake walikuwa wameshikana. Mwenyekiti aliuliza kama ana la kuongeza. Akasema hana.

Ndipo ikaja mvua. Mvua yetu ya alasiri inajulikana, lakini ile ilikuja na mawe. Ilianza kugonga majani ya migomba, mara uani pote pakawa peupe. Kila mtu alikimbilia ndani, wazee, afisa na mkoba wake chini ya koti, majirani, na mimi na sufuria ya uji. Tulibanana mle ndani tukipangusa nyuso. Nilipogeuka nikaona mtu mmoja amebaki nje. Baba Mdogo alikuwa amesimama chini ya ncha za nyasi za paa, mgongo ameubana ukutani, na mawe yanadunda juu ya viatu vyake.

Afisa alikuwa karibu na mlango. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Mzee, ingia ndani. Hii mawe itakuumiza."

"Niko sawa."

"Si uingie tu, mzee. Nafasi iko."

"Nimesema niko sawa hapa."

Afisa alitutazama, hakuelewa. Nadhani sisi wengine wote tulielewa kwa wakati mmoja, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kulisema. Mwenyekiti aliweka chini kibuyu chake cha uji, akajifuta midomo, akapaza sauti kuelekea mlangoni.

"Ndugu yangu, umesema hii ni nyumba ya mgeni. Sisi wote tumeingia. Ingia."

Baba Mdogo akahamishia fimbo mkono wa pili.

"Kama si mke wa kijana wako, huyu ni mwanamke tu wa Kenyenya. Unaogopa nini kwa nyumba yake? Ingia tumalize kesi."

Tukasikia fimbo ikigonga jiwe la mlangoni. Kisha nikaona kiatu, kiatu cheusi cha kanisani kilichojaa maji, kikipanda juu ya kizingiti. Kilibaki pale. Akiingia, shamba ni lake, na hakuna mzee hata mmoja angeweza kumpinga. Alikuwa amehubiri mara nyingi kwamba mambo ya mila ni giza na kwamba Mkristo haogopi. Ilibaki hatua moja.

Mama wa Juu alikuwa kwenye mafiga. Alikuwa amegeukia ukuta, amejifunika uso kwa kitambaa kama inavyopasa, na bila kugeuka akasema kwa sauti ndogo, "Baba, usiingie. Watoto wako hapa."

Naapa hakuwa anatetea kesi. Aliogopa tu, kwa ajili ya mabinti wake na kwa ajili yake mzee. Kile kiatu kilikaa kidogo, kikarudi nje.

"Siwezi," Baba Mdogo akasema huko nje.

Kisha mwenyekiti akamwambia afisa aandike kwamba shamba ni la nyumba hii, na kwamba huyu ndiye mke. Afisa alikuwa ameshaelewa. Alisema, "Kwetu ni mama mkwe. Huwezi kukaa naye ukala," akafungua mkoba wake polepole akitafuta kalamu.

Mimi nililia wazi wazi, mbele ya wanaume. Mama wa Juu hakulia. Alifungua kitambaa, akatoa koti la marehemu kwenye msumari ukutani, akanipa. "Mpelekee. Ana kifua yeye pia." Nikatoka, nikampa. Mzee alilivaa bila kunitazama na akalifunga vifungo vyote. Halikurudi tena, na hakuna aliyelidai.

Niliporudi kwangu siku ile, nguo zimelowa, nilimkuta baba mkwe wangu wa kisasa amekaa jikoni kwangu, kwenye kiti changu, anakunywa chai aliyojimiminia mwenyewe. Alikuwa na kawaida hiyo. Alisema yeye ni mtu wa maendeleo, na mimi nilijivunia sana, niliwasimulia hata wake wa walimu wenzetu. Sasa nilisimama mlangoni mwangu nikamtazama, nikakumbuka kile kiatu juu ya kizingiti. Mume wangu hakupata kuvua viatu kabla sijamwambia kwamba tunakwenda kanisani, na ng'ombe waliobaki wanakwenda kwetu, kabla shule hazijafunguliwa. Mpaka leo husema nilimkimbiza. Baba mkwe aliniuliza siku hizo kama chai yangu imekuwa chungu, kwa sababu nilianza kumpelekea uani. Nilimwambia uani kuna hewa nzuri.

Mtu angedhani baada ya hayo Mama wa Juu angepumzika. Wapi. Mashamba yalipimwa, jina lake likaingia, mabinti wakakua, lakini ukimwekea kiti alikigeuza vile vile. Baba Mdogo aliendelea kumwachia njia na yeye aliendelea kuja kunieleza. Kanisani walimruhusu mwishowe kuoshana miguu na wanawake wenzake. Alikwenda, nami ndiye niliyemwosha. Alikuwa na haya, akasema visigino vyake ni vibaya. Havikuwa vibaya.

Halafu mume wangu akahamishwa shule, tukaondoka kilimani pale, na miaka ikapita bila mimi kumwona zaidi ya kusalimiana sokoni. Mara yangu ya mwisho kwenda kwake ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilipanda na mzigo wangu wa sukari na sabuni nikaona mabati yanang'aa mahali pa nyasi. Mbele ya mlango paa lilikuwa limeongezwa, limeshikiliwa na nguzo, limekuwa upenu mpana, na chini yake kulikuwa na benchi iliyowekewa mto. Kwenye benchi alikaa mzee mrefu aliyekunjamana, amevaa koti ambalo nililijua kwa vifungo vyake.

Nilimwamkia Baba Mdogo, akaitikia kwa mbali. Macho yalikuwa yameanza kumwacha.

Ndani, Mama wa Juu alinikumbatia akalaza kichwa begani mwangu. Alikuwa amezeeka vizuri. Aliniambia habari huku anapika ugali. Mke wa Baba Mdogo alishakufa. Wale watoto wake wa kiume, ambao shamba hili lilitafutwa kwa ajili yao, waliuza vipande vyao mmoja mmoja wakaenda mjini. Mzee alibaki peke yake kwenye nyumba inayovuja. Asubuhi moja alifika na fimbo yake akakaa nje chini ya ncha za paa, hakusema kitu, na yeye akamtolea uji. Tangu siku hiyo huja kila siku.

"Na huo upenu?"

"Nilijenga mimi. Alikuwa ananyeshewa."

Mvua ikaanza, ya kawaida, na upepo ukawa unaisukuma mpaka chini ya mabati. Nilimsikia mzee akikohoa. Nikasema lile ambalo mtu yeyote angesema. "Mama, si umwache aingie tu? Mzee hivi, na baridi hii. Siku hizi nani anahesabu mambo hayo?"

Aliacha kukoroga. Ndipo nikaona kwamba kiti chake hakikuelekea njia. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa ameipa njia mgongo. Kiti kilielekea mlangoni, na kutoka pale alipokaa aliweza kuona kizingiti na miguu ya mzee nje yake.

"Umeandikwa, mama," nikamwambia. "Hakuna wa kukutoa."

"Najua nimeandikwa." Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Lakini mwenyekiti alikufa. Yule afisa alienda kwao. Wale wazee wote wamezikwa. Amebaki huyu." Akaonyesha mlango kwa mwiko. "Nimpe chakula, nimpe dawa, nimfulie koti. Lakini siku ataingia hapa, mimi nitakuwa nani?"

Upepo ukazidi. Mzee alisogea kwenye benchi akikimbia matone, akasogea tena, na mguu wake mmoja ukaja ukakaa juu ya jiwe la mlango. Nilimwona Mama wa Juu akiukaza mwiko mkononi. Tulikaa wawili hivyo, ugali unatoa moshi, tukitazama kiatu kile kilichochoka, kama siku ile ya mawe.

Nje, Baba Mdogo alikohoa kidogo ili tujue yuko karibu. Kisha akapapasa kwa fimbo, akapata ukingo wa jiwe, akauondoa mguu wake na kuurudisha chini ya benchi.

Mama wa Juu alichota ugali wa kwanza, akaweka na mboga kando, akanipa sahani.

"Mpelekee baba mkwe wangu," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje.